Moduli ina cheti, kifaa chako je? Mwongozo kwa fundi wa Mombasa anayetia transmita ndani ya kifaa chake

Mezani pangu hapa Majengo pana moduli ya redio, yaani kipande cha saketi kisichozidi ukucha wa kidole gumba kwa upana. Kimefunikwa kwa bati jembamba, na juu ya bati pamechorwa kwa leza jina la aina yake, namba ndefu, na herufi C na E. Vijana hunijia na kipande kama hicho mkononi: "Fundi, hii ina CE, ina FCC, mambo ya sheria nishamaliza." CE ni alama ya kanuni za Ulaya, na FCC ni mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Jibu langu halibadiliki. Kilichoidhinishwa ni hicho kipande, tena kwa masharti yake. Ukishakipiga solda kwenye bodi yako, ukakitia umeme wako, antena yako na boksi lako, umezaa kifaa kipya, na utakayeulizwa habari zake ni wewe.

Mwongozo huu ni wa fundi anayeunda vifaa vichache, hamsini au mia mbili, vya kuuza hapa Pwani. Nitashika mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kipimo cha maji cha tangi la juu ya paa. Maji ya mfereji Mombasa huja kwa zamu, na kila mwenye nyumba ya ghorofa anataka kujua tangi limebaki na kiasi gani kabla hajaita lori la maji. Kifaa kina sehemu mbili. Ya juu hukaa tangini, ina betri na moduli ya LoRa, redio ya kupeleka ujumbe mfupi mbali kwa umeme mdogo. Ya chini hukaa kwa mlinzi, hupokea habari na kuzipeleka kwenye simu kwa Wi-Fi.

Hatua ya 1. Orodhesha kila kinachorusha mawimbi

Kabla ya kununua chochote, chukua karatasi uandike kila transmita iliyomo: masafa yake kwa MHz, nguvu yake kwa dBm (kipimo cha nguvu ya kurusha), aina ya antena, inarusha mara ngapi kwa saa, itakaa umbali gani na mwili wa mtu, na itauzwa nchi gani. Usisahau zile ambazo hukuziomba. Chipu nyingi za Wi-Fi zina Bluetooth ndani, hata kama huitumii. Iandike, na mbele yake andika kwamba femuwea, yaani programu ya ndani ya chipu, imeizima.

Swali la nchi si dogo. Kibali cha Kenya hakivuki mpaka. Ukipeleka mzigo Tanga au Zanzibar utakutana na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Kampala utakutana na UCC, ya Uganda. Mwenzangu mmoja alidhani Afrika Mashariki ni soko moja hata kwa haya, akalazimika kuanza maombi upya huku bidhaa zimeshafika.

Hatua ya 2. Chagua masafa ya hapa

Yeyote aliyenunua gari kutoka Japani anaijua kero ya redio. Unawasha, unatafuta stesheni, unapata chache au hupati kitu. Redio ni nzima. FM ya Japani ilianzia 76 MHz ikaishia 90, na yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana mafundi wa redio za magari mjini huuza kile kifaa cha kugeuza masafa. Basi moduli nazo ni hivyo hivyo, ila redio ya gari hupokea tu na haimsumbui mtu. Moduli ya masafa yasiyo ya hapa inarusha, na inayemrushia ana haki yake hewani.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeigawa dunia kanda tatu. Ulaya na Afrika ziko Kanda ya 1, Amerika zote Kanda ya 2, na sehemu kubwa ya Asia na Pasifiki Kanda ya 3. Kenya ni Kanda ya 1. Bendi ya 902 hadi 928 MHz, ambayo Marekani ni ya wazi kwa vifaa vidogo, kwetu imekaa juu ya simu za mkononi: kwenye bendi ya 900, simu huongea na mnara kati ya 880 na 915, na mnara hujibu kati ya 925 na 960. Ukiwasha moduli ya 915 juu ya paa la Tudor, umeketi mlangoni mwa mtandao wa simu wa mtaa mzima.

Hili limenipata. Niliagiza moduli 20 za 868 MHz, tangazo likasema 868, mzigo ulipofika namba ya mwisho kwenye bati ilikuwa 915. Muuzaji akaniambia nibadilishe kwenye programu tu. Chipu yenyewe inakubali, lakini vichujio na antena vya moduli ile vimekatwa kwa 915, na ripoti za vipimo zilizokuja nayo ni za 915. Kwa karatasi, nilikuwa na moduli isiyo na cheti chochote. Sikuzitumia. Tangu siku ile kitu cha kwanza nikifungua boksi ni kusoma herufi za mwisho za kila bati kwa kioo cha kukuzia, kabla sijamlipa salio muuzaji.

Kwa vifaa vya umbali mfupi, bendi ambazo mafundi wengi hapa hufanyia kazi ni 433.05 hadi 434.79 MHz, ile ya 868, na 2400 hadi 2483.5 ya Wi-Fi na Bluetooth. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, ina mwongozo wake wa vifaa vya namna hii, wenye bendi na nguvu zinazoruhusiwa. Pakua toleo la sasa, lichape, libandike ukutani juu ya meza.

Kuwa kwenye bendi sahihi hakutoshi. Kuna nguvu, na kuna muda wa kukaa hewani. Moduli za 868 kwa kawaida zimepimwa kwa kanuni za Ulaya, na huko kati ya 868.0 na 868.6 MHz ukomo ni miliwati 25 na asilimia 1 ya muda. Asilimia 1 ya saa ni sekunde 36. Sasa piga hesabu. Ujumbe mfupi wa LoRa, baiti 23 kwa jumla, ukiurusha kwa mwendo wa polepole kabisa, SF12, unakaa hewani karibu sekunde moja na nusu. Kwa hiyo una nafasi ya jumbe 24 kwa saa. Ujumbe ule ule kwa SF7, mwendo wa kasi, hauchukui hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mteja akikwambia anataka kuona maji kila dakika, kwa SF12 ni karibu sekunde 89 kwa saa, umeshapita mara mbili na zaidi. Mimi tangi nalipima kila dakika 15, na pia maji yakishuka ghafla. Tangi la lita 10,000 halikauki kwa dakika tano isipokuwa limepasuka.

Hatua ya 3. Nunua moduli pamoja na makaratasi yake

Bei ya moduli yenye hati na isiyo na hati hutofautiana kidogo sana ukilinganisha na gharama ya kupima upya. Muombe muuzaji vitu vinne: ripoti za vipimo zikiwa kamili, si ukurasa wa kwanza peke yake, tamko la mtengenezaji la kukidhi kanuni, cheti cha kibali cha nchi ilikopimwa, na mwongozo wa kuunganisha. Huo wa mwisho ndio watu huuruka, na ndimo masharti yote yamo.

Kama moduli ina namba ya FCC, ingia kwenye hifadhidata ya FCC iliyo wazi kwa umma uitafute. Utaona masafa na nguvu zilizoidhinishwa, na chini yake maelezo machache ambayo ni dhahabu: aina ya antena iliyopimwa, umbali wa kukaa na mwili wa mtu, na kama kibali ni kamili au cha masharti maalumu. Kisha fungua picha za ndani. Weka moduli yako mkononi karibu na skrini, ulinganishe kioo cha saa (kile kipande kidogo kinachoshika mapigo ya saketi), chipu, njia za shaba, mashimo ya bati. Namba ya kweli huchorwa pia kwenye bidhaa za kughushi, lakini mpangilio wa vipande mara nyingi hausemi uongo.

Hapa niseme neno juu ya tofauti ya Marekani na Ulaya, kwa sababu ndiyo inayowachanganya vijana. Marekani ina utaratibu wa kuidhinisha moduli peke yake, kifungu cha 15.212 cha kanuni za FCC. Moduli iwe na ngao yake, iwe na udhibiti wake wa umeme, antena yake ijulikane, na ipimwe ikiwa peke yake. Ikipita, anayeitia ndani ya kifaa na kufuata masharti hapimi tena redio yenyewe, ingawa bado anawajibika kwa kelele za saketi zake nyingine. Ulaya haina kitu kama hicho. Kwa sheria yao ya vifaa vya redio, 2014/53/EU, anayekiweka kifaa kizima sokoni kwa jina lake ndiye mtengenezaji, na ndiye anayetia sahihi. Anaweza kutumia ripoti za moduli kama ushahidi, lakini CE ya moduli haimkingi.

Hapa Kenya, CA huidhinisha kifaa kinachouzwa. Ripoti za moduli ni msingi wa ombi lako, ila ombi ni la kifaa chako.

Hatua ya 4. Shika masharti ya antena

Nikiulizwa ni wapi vyeti vingi vya moduli hufia, nitasema hapa. Moduli ilipimwa na antena fulani yenye geini fulani, yaani kiasi inachokusanya mawimbi upande mmoja. Ukitia ya aina ile ile yenye geini sawa au ndogo zaidi, uko salama. Ukitia ya aina nyingine, au yenye geini kubwa, ripoti ile si yako tena.

Mwaka mmoja mwenye nyumba, mama mtu mzima, aliniita juu ya paa lake.

"Mwanangu, kwa nini usitie ile antena ndefu? Maji yangu niyaone hata nikiwa Likoni."

"Mama, ya Likoni utayaona kwenye simu. Hii ya hapa inatoka paani inafika kwa mlinzi tu."

"Basi itie nguvu ifike vizuri."

"Inafika, mama. Ikizidi hapo inaingia kwa jirani."

Hesabu yenyewe ni hii. Ukomo wa miliwati 25 ni dBm 14, na katika bendi hiyo hupimwa kwa kulinganisha na antena ya dipoli, ile ya vijiti viwili. Geini za antena zinazouzwa dukani huandikwa kwa dBi, yaani kwa kulinganisha na antena ya kinadharia inayorusha sawa pande zote, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ni desibeli 2.15. Kwa hiyo jumla ya nguvu ya moduli na geini ya antena kwa dBi isizidi 16.15. Ukiweka dipoli ya kawaida ya 2.15 dBi, moduli iache kwenye 14. Ukiweka antena ya 5 dBi, ishushe moduli hadi 11. Chipu za LoRa zinaweza kufika 20 na hata 22, na programu nyingi za mfano huja zikiwa juu kabisa. Fundi asiyeangalia anarusha mara kadhaa ya kiwango akiwa hana habari. Kwa Wi-Fi ya 2.4 GHz, kanuni za Ulaya zinaishia dBm 20, yaani miliwati 100, antena ikiwa imeshahesabiwa ndani.

Antena iliyochorwa kwenye bodi ya moduli nayo ina haki zake. Espressif, watengenezaji wa ESP32, chipu ya Wi-Fi, wanashauri nafasi tupu ya milimita 15 kila upande wa antena. Tupu maana yake hakuna shaba, hakuna betri, hakuna waya, hakuna skrubu. Njia nzuri ni kuifanya antena itokeze nje ya ukingo wa bodi yako. Boksi la chuma halifai, na rangi zenye unga wa chuma pia hazifai. Kwa kipimo cha tangi kuna adui mwingine: maji. Antena ikilala ubavuni mwa tangi lililojaa, maji huivuta masafa yake na kumeza mawimbi. Mimi huinyanyua juu ya kifuniko kwa kibomba cha plastiki.

Na chumvi. Hewa ya Mombasa hula solda. Bodi isiyopakwa kitu, miezi michache baharini imeshaota kijani. Paka lakka ya kukinga, lakini funika antena na soketi yake kwa utepe kwanza. Lakka ikikaa juu ya antena iliyochorwa hushusha masafa yake.

Hatua ya 5. Umeme safi

Kwa moduli ya laini ya simu ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Simu ya 2G hurusha kwa vipande vya maikrosekunde 577, karibu mara 217 kwa sekunde, na kwenye bendi ya 900 hufika wati 2. Kila kipande huvuta hadi ampea 2. Regyuleta dogo la dukani linainama, volti zinashuka chini ya 3.4, moduli inajizima inaanza upya, na kila inapoanza upya inatafuta mnara kwa nguvu zote. Weka kapasita kubwa yenye upinzani mdogo milimita chache kutoka miguu ya moduli, na njia ya shaba iwe pana. Ile sauti ya "trrr, trrr" unayoisikia kwenye spika simu ikiwa karibu ndiyo hivyo vipande. Ukiisikia kwenye kifaa chako mwenyewe, jua vimeshaingia kwenye saketi nyingine.

Chaja za bei ya chini nazo hutoa kelele. Washa redio ya AM, iweke mahali pasipo stesheni, isogeze karibu na kifaa. Ikinguruma, maabara nayo itanguruma. Rekebisha kabla hujalipa.

Hatua ya 6. Funga femuwea

Mtumiaji asiweze kubadilisha masafa wala nguvu. Weka nchi ndani ya programu ya Wi-Fi. Chaneli 12 na 13 zinatumika Ulaya na hapa, lakini moduli iliyowekwa kwa Marekani haizigusi, na moduli iliyowekwa kwa Ulaya ikitumiwa Marekani ni kosa. Tengeneza pia femuwea ya pili, ya maabara tu, inayorusha mfululizo kwenye chaneli moja. Wapimaji wataihitaji, na bila hiyo watakurudisha nyumbani.

La muhimu zaidi, weka kikomo cha muda wa kurusha nje ya programu kuu. Nieleze kwa nini. Toleo langu la kwanza la kipimo cha tangi lilikuwa la 433.92 MHz. Nilikifunga kwenye jengo moja Tudor, nikaenda zangu. Siku ya tatu mlinzi akanipigia: "Fundi, geti la umeme halisikii rimoti, tunafungua kwa mkono tangu alfajiri." Nikasema haliwezi kuwa langu, maana rimoti za magari zote pale chini zilikuwa zinafanya kazi. Nilikosea. Magari yale yalitoka Japani, na rimoti zake ziko karibu na 315 MHz. Geti lilikuwa la 433.92. Nilipopanda paani nikakuta umande umeingia kwenye boksi, mguu mmoja wa chipu umeshikana na graundi, programu imekwama katikati ya kurusha. Transmita ilikuwa imewaka siku nzima. Niliing'oa betri, nikasikia geti likifunguka chini. Wazee walikuwa wamesimama juani kusubiri geti lisukumwe, na kati yao mmoja alikuwa akienda hospitali. Sijalisahau hilo. Sasa kila kifaa changu kina saketi ndogo ya kuhesabu muda, mbali na programu, inayokata umeme wa transmita ikizidi sekunde tatu.

Tena fikiria tuko wapi. Kilindini meli huongea kwa VHF, na chaneli ya 16, 156.8 MHz, ndiyo ya kuitia msaada baharini. Ndege zinazotua uwanja wa Moi huongea kwa masafa ya kati ya 118 na 137. Kifaa kibovu juu ya paa refu la kisiwani kinaonekana na bahari na anga kwa pamoja.

Hatua ya 7. Umbali na mwili

Vibali vingi vya moduli vinasema kifaa kikae sentimita 20 au zaidi kutoka kwa mtu. Tangi halina tatizo. Lakini ukitengeneza kifaa cha kuvaa, cha mfukoni, au cha kushikwa mkononi, sharti hilo limevunjika na utahitaji kipimo cha mawimbi yanayofyonzwa na mwili. Ni kipimo ghali. Kijue mapema, kabla hujachora boksi.

Hatua ya 8. Jipime mwenyewe kwanza

Hakuna haja ya mashine ya mamilioni. Analaiza ndogo ya masafa, ya mkononi, kama tinySA, au kile kidude cha RTL-SDR cha kuchomeka kwenye kompyuta, vinatosha kukuonyesha makosa makubwa. Weka kipunguza nguvu cha desibeli 30 kati ya moduli na mashine, la sivyo utaichoma.

Tazama kwanza masafa yenyewe, kisha hamoniki, yaani mawimbi ya mara mbili na mara tatu. Transmita ya 868.3 MHz ina hamoniki ya pili kwenye 1736.6, na hapo ni ndani ya bendi ya simu ya 1800, upande ambao simu huongea na mnara, 1710 hadi 1785. Ile ya 433.92 ina hamoniki ya pili kwenye 867.84, juu ya vifaa vya wenzako wa 868. Moduli nzuri ina kichujio cha kuzizima. Ukikuta zimesimama wima kwenye skrini, mara nyingi kosa liko kwenye njia ya shaba uliyoichora kati ya moduli na antena. Nakili mchoro wa mtengenezaji, upana kwa upana, na unene wa bodi ule ule.

Pima tena na boksi likiwa limefungwa, betri ikiwa imejaa na ikiwa karibu kuisha. Transmita mbili zikikaa boksi moja, kama yangu ya chini yenye LoRa na Wi-Fi, zipime zikiwaka pamoja.

Ukiridhika, nenda maabara iliyothibitishwa kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo. Kwa kifaa cha mfano wetu utaomba vipimo vya viwango vya Ulaya: EN 300 220 kwa upande wa 868, EN 300 328 kwa Wi-Fi, EN 301 489 kwa kuingiliana kwa mawimbi, na EN 62368-1 kwa usalama wa umeme. Waonyeshe ripoti za moduli mlango wa kwanza. Vipimo vingine vya redio havitarudiwa, na hapo ndipo pesa ya kununua moduli yenye hati inaporudi.

Hatua ya 9. Peleka ombi, na ongea na wakala wako wa forodha mapema

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ni ya 1998, na kanuni zinazohusu uingizaji, uidhinishaji na usambazaji wa vifaa vya mawasiliano ni za 2010. Kwa hizo, kifaa cha mawasiliano hakiuzwi wala kuunganishwa bila idhini ya aina ya kifaa kutoka CA, ile ambayo mafundi huiita taipu apruvo. Makao makuu yao ni Waiyaki Way, Nairobi, lakini ombi hupelekwa mtandaoni na kuna ofisi ya Pwani hapa Mombasa. Nenda ukaulize ana kwa ana kabla ya kujaza. Mimi nimesaidiwa vizuri zaidi kwa kuuliza nikiwa na bodi mkononi kuliko kwa barua.

Faili langu lina: maelezo ya kifaa kwa ukurasa mmoja, mchoro wa saketi, orodha ya vipande, picha za nje na za ndani, ripoti za moduli, ripoti za kifaa kizima, tamko langu la kukidhi kanuni lenye sahihi, mwongozo wa mtumiaji, na picha ya lebo. Jina la aina ya kifaa liwe lile lile, herufi kwa herufi, kila mahali. Maombi mengi hukwama kwa sababu ripoti inasema TM-1 na lebo inasema TM1.

Kuhusu mzigo unaopita bandarini au uwanja wa ndege, usimwachie muuzaji aandike "vipuri vya elektroniki" kwenye ankara. Aandike ni moduli za redio, aina gani, masafa gani, nguvu gani, na kwamba ni za kuunganishwa ndani ya kifaa, hazitauzwa rejareja. Mpe wakala wako nakala kabla meli haijatia nanga. Maelezo yasiyoeleweka ndiyo huufanya mzigo ulale, na mzigo ukilala unalipiwa. Shirika la Viwango, KEBS, nalo lina sehemu yake: ukaguzi wa bidhaa huko zinakotoka, na alama ya ubora kwa zinazotengenezwa hapa. Idhini ya CA haichukui nafasi yake.

Na kama kifaa chako kinapeleka habari za nyumba ya mtu mtandaoni, isome pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kiwango cha maji kisichoshuka siku nne kinaonyesha wazi kwamba wenyewe wamesafiri.

Hatua ya 10. Lebo

Jina lako, aina ya kifaa, namba ya mfululizo. Kwa Marekani, kama moduli haionekani kwa nje, lebo ya nje lazima itaje kwamba ndani mna moduli yenye namba fulani ya FCC. Karatasi ya kawaida paani haimalizi msimu mmoja wa kaskazi. Tumia polyester ya kuchapwa kwa joto, au chora boksi lenyewe kwa leza.

Hatua ya 11. Tunza faili, chunga mabadiliko

Ulaya inadai makaratasi yahifadhiwe miaka 10. Fanya hivyo hata kama huuzi Ulaya. Andika kila mzigo wa moduli uliingia lini, toleo gani, na uliingia kwenye vifaa vya namba zipi.

Mwezi uliopita nilipokea moduli za mzigo wa tatu. Bati ni lile lile, jina ni lile lile, ila mwishoni imeongezwa herufi B. Muuzaji anasema ni bora zaidi, na huenda ni kweli. Nikazipiga picha, nikafungua moja nikakuta kioo cha saa kimehamishwa na kichujio ni cha aina nyingine. Nimemwandikia anitumie ripoti za toleo B, na nimeandikia ofisi ya hapa kuuliza kama idhini yangu itahitaji nyongeza. Hadi wote wawili wajibu, moduli hizo ziko kwenye droo ya chini, zimefungwa kwa utepe mwekundu, na wateja sita wa Kizingo nimewapigia simu kuwaambia wasubiri.